Hoteli Iliyoagiza Mapazia

Kinanda aliijua njaa ya mwenye duka kwa kumtazama shingo. Aliyeshiba hutazama mbele. Mwenye njaa huchungulia mlango wa jirani. Siku alipomwona muuza mapazia, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, amenyoosha shingo kama kuku aliyesikia mtama, alijua riziki imejileta yenyewe.

Kazi ya Kinanda ilikuwa kuwauzia wenye maduka tovuti. Kusema kweli, alikuwa na tovuti moja tu. Aliinakili kutoka tovuti ya mwoka mikate, na kila mteja akabadilishiwa jina la juu na picha. Kinyozi alikuwa nayo, muuza viatu alikuwa nayo, na mwenye bucha alijivunia kuwa nayo peke yake.

Akaingia, akaamkia kwa adabu zote, akavuta kigoda. Akamweleza Shangazi kwamba mteja wa siku hizi haji kwa miguu, anakuja kwa kidole. Kwamba tovuti nzuri haitaki maneno mengi, inataka picha safi, namba ya simu isiyojificha na kitufe cha kuagizia. Na tumpe haki yake: yote hayo yalikuwa kweli. Uongo mtamu huungwa kwa ukweli.

Tovuti ilipokuwa tayari, Shangazi alivaa miwani akaisoma kwenye simu. Chini ya picha ya pazia jekundu paliandikwa: "Hutoka motoni kila alfajiri." Akauliza maana yake. Kinanda akamjibu kwamba hiyo ni lugha ya biashara. Shangazi akaomba radhi kwa kutokujua, akalipa.

Haukupita muda ikaingia oda ya kwanza: mapazia ya nyumba nzima, ya bwana harusi mmoja. Bwana harusi huyo alikuwa Kinanda. Ndio ulikuwa mtindo wake, kumwonjesha mteja oda moja kisha kumtoza ada ya kuipandisha tovuti juu. Juu wapi, hakuna aliyewahi kuuliza. Shangazi akalipa na hiyo.

Kisha mambo yakageuka. Siku moja Kinanda alichungulia tovuti ile akakuta oda ambazo hakuziandika yeye. Hoteli ilitaka mapazia ya vyumba vyote. Zahanati nayo, tena kwa haraka. Kesho yake, shule ya bweni. Kinanda akakaa kitandani mdomo wazi. Tangu aanze kazi hiyo, hakuwahi kufikiria kwamba kitu anachokiuza kinaweza kufanya kazi.

Akaenda mbio dukani. Alimkuta Shangazi katikati ya majora ya vitambaa, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Shangazi akamlalamikia kwamba kazi imemzidi, mgongo si wake tena, na binti yake aliyeolewa mbali amejifungua mapacha, anamtaka akamsaidie kulea. Angepata mtu mwaminifu angemwachia duka.

"Na tovuti?" Kinanda akauliza, akijifanya hajali.

"Tovuti nitaifanyia nini, mwanangu? Itabembeleza watoto?"

Hata hivyo, Kinanda alipotaja bei, Shangazi alisita. Duka lilikuwa la marehemu mumewe, lina kumbukumbu. Akajifuta machozi kwa kipande cha pazia. Kila alivyosita, Kinanda aliipandisha bei mwenyewe, bila kusukumwa. Hakuwapigia simu wale wateja, asije akawashtua. Aliuza pikipiki, akakomba alichovuna kwa kinyozi na kwa mwenye bucha, akakabidhi, akapewa funguo pamoja na dua ndefu ya mafanikio.

Asubuhi yake alifika kwa suti. Akamkuta mwenye nyumba akibadilisha kufuli, kwani chumba kilikuwa cha kupanga na Shangazi alikwisha kumuaga zamani kwamba anahama. Muuzaji wa jumla alikuwa akipakia majora yake kwenye gari. Yalikuwa ya mkopo. Kinanda akatoa simu, akaipigia hoteli kwa namba iliyokuwa kwenye oda.

"Mapokezi, karibu," ikasema sauti anayoijua. Nyuma yake vichanga wawili walikuwa wakilia.

"Shangazi?"

"Mwanangu, yale mapazia ya bwana harusi niliyashona mpaka vidole vikavimba. Nikayabeba mwenyewe mpaka alipoelekeza. Nikakuta kiwanja kitupu, kina mbuzi. Nikakaa chini nikalia. Nilipomaliza kulia nikafikiri: kumbe kile kitufe anabonyeza yeyote."

Kinanda akamwambia, kwa sauti iliyopungua nguvu kila neno, kwamba atamfuata huko aliko, tena na polisi.

"Njoo nao," Shangazi akasema kwa upole, "na bwana harusi usimwache, atakuwa shahidi. Ila kwa malazi mtanisamehe. Vyumba vyote vimejaa."

Simu ikakatika.