Tezi Yangu Imegoma Kuumwa

Jumatatu, 4 Novemba
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba karatasi ya maabara inamjua mgonjwa. Haimjui. Yangu inasema tezi ya shingoni ni nzima. Nzima! Nami niko ubavuni mwa jiko na makoti mawili, natetemeka. Nywele zinadondokea mkate. Sauti ya mbuzi. Nilifundisha kemia hapa mjini Naryn hadi kustaafu, dalili nazijua.

Mke wangu Zuura ameisoma akacheka. "Kumbe huumwi, mzee, umechakaa tu."

Hapo ndipo penye hatari. Jumamosi mjukuu wetu Aijamal anaolewa. Kichwa cha kondoo na dua ya meza, heshima ya mzee wa karamu, havipewi aliyechakaa. Tayari jirani Sagynbek, mwenye koo la radi, anafanya mazoezi ya dua uani kwake. Anawaombea ng'ombe!

Jumatano, 6 Novemba
Nimerudi kwa Daktari Nurzat. Nimemfafanulia kazi ya tezi, taratibu, kwa mchoro. Amesikiliza, maskini. Kisha akasema uchovu wangu ni wa kweli, ila huenda chanzo kiko kwingine. Akauliza, nalalaje?

Zuura, aliyenisindikiza, akadakia: "Anakoroma kama trekta, binti yangu! Mara kimya, pumzi hamna, mpaka nimpige teke."

Daktari anataka nikapimwe usingizi. Usingizi? Nimemweleza kwa upole kwamba usingizi haukai shingoni.

Alhamisi, 7 Novemba
Mbinu! Nimejaza sufi ndani ya shali, nikaifunga shingoni. Uvimbe safi kabisa. Nani atamwita mgonjwa mchakavu?

Sagynbek akaniona langoni. "Mwalimu, umemeza kofia?"

Tezi, nikamjibu, kwa huzuni. Akanipa pole nyingi. Basi nipumzike, dua ataisoma yeye.

Sikulitarajia hilo. Nimeifungua shali palepale. Nimepona!

Sasa sielewi. Nikiwa mzima, ni mzee. Nikiumwa, ni wa kulazwa.

Jumamosi, 9 Novemba
Kichwa cha kondoo mbele yangu! Wageni wote wamekunjua viganja. Nikaanza: afya, mifugo, watoto... Nikafumba macho kwa heshima.

Nilipofumbua, supu ilikuwa imeganda mafuta. Bwana harusi mikono inamtetemeka. Hakuna aliyeshusha viganja, maana hapa havishushwi kabla mwenye dua hajasema amina. Sagynbek akaninong'oneza: "Mwalimu, turudishie mikono yetu."

Nikasema amina. Sauti ya mbuzi. Aijamal alikuwa amejificha nyuma ya shela, mabega yanamcheza.

Jumapili, 10 Novemba
Kimya changu kiliwagusa watu. Zuura anasema kiliwagusa mabega. Ameshaniombea nafasi kwa Nurzat, kesho asubuhi, kupanga kipimo cha usingizi.

Nimemketisha nikamfafanulia. Mtu anayesinzia mchana kweupe, mbele ya nyama ya moto, ana tatizo gani? Tezi, dhahiri. Ameinuka, akaenda kukamua ng'ombe.

Wanasema Kochkor kuna maabara nyingine.

La kufanya leo: tafuta gari la Kochkor.