Darubini Isiyotikisika na Daftari la Mzee Chenge

Jumatatu, 9 Februari

Miezi mitatu tangu mkataba wangu wa kiwandani Nyakato uishe. Leo asubuhi Jovitha, mke wangu, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akasema mambo mawili. Kwanza, sukari imekwisha. Pili, nisipopata kazi kufikia mwisho wa mwezi, naenda Bukoba kupalilia migomba ya baba yake. Baba yake ana migomba mingi. Ana na maoni mengi.

Mchana mambo yakageuka. Mama Prudencia, mwenye hoteli ya ufukweni kule chini, si mbali na hapa kwetu Kiseke, anatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni ndege mchana na nyota jioni. Nikaenda. Nikamwambia nina uzoefu. Hakuuliza wa nini.

Nilichonacho ni darubini ya macho mawili aliyoniletea shemeji Alexander kutoka Ujerumani. Ina kitufe juu. Ukikibonyeza, picha inatulia hata kama mikono inatetemeka. Yangu inatetemeka. Nakunywa kahawa tangu nina miaka sita.

Tatizo moja dogo. Tuko wawili. Mwingine ni mzee Chenge, aliyefanya kazi hifadhini miaka thelathini. Darubini yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumamosi tutapimwa mbele ya walimu watakaokuja kutalii kutoka Sengerema. Namwonea huruma mzee.

Jumanne, 10 Februari

Nimeshuka ziwani kufanya mazoezi. Nimegundua kwamba ndege ninaowajua kwa majina ni wawili, kuku na kunguru.

Lakini nilichokiona! Ndege mweusi kasimama juu ya jiwe majini, kanyoosha mabawa kama mtu anayeanika koti. Niliona hadi tone la maji likining'inia kwenye ncha ya unyoya. Jina lake sijui. Mwingine, wa madoa meusi na meupe, alisimama hewani palepale akipigapiga mabawa, kisha akajitupa majini kichwa mbele. Jina lake pia sijui.

Mzee Chenge alikuwa kakaa mchangani, akitazama na kuandika daftarini. Nilifikiria kwenda kumwamkia na kumwomba anifundishe. Nikajikanya. Mshindani hamwombi mshindani. Nyuma yake, hatua kama hamsini, kuna jiwe kubwa lenye mgongo mpana. Mtu akilala juu yake kifudifudi anaona bega la mzee. Akiona bega, anaona na daftari.

Jumatano, 11 Februari

Saa kumi jioni, juu ya jiwe. Bila kitufe, maandishi ya mzee yalikuwa yanatambaa kama siafu. Nikabonyeza. Yakatulia. Nilisoma bila shida: "Furukombe. Kichwa cheupe, hula samaki." Nikanakili. Nilijisikia kama mwanasayansi.

Mara mzee akageuka kujinyoosha. Akatazama juu, upande wangu, akakaa hivyo kwa muda. Nikalaza uso kwenye jiwe. Hakuniona. Mtu wa miaka sabini, na jua lote lilikuwa linaniwakia mimi usoni, kwenye vioo.

Nilipoinua tena darubini, kitufe hakikufanya kazi. Betri zimekwisha. Siku nzima, jina moja.

Alhamisi, 12 Februari

Duka la jirani halina betri za saizi ile. Nimechukua moja kwenye saa ya ukutani na nyingine kwenye rimoti. Kwa muda tu.

Zimefanya kazi vizuri sana. Na bahati imenielekea, maana leo mzee ameandika kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Nadhani macho yanamwishia. Hata alilishika daftari juu kidogo, akaliinamisha upande wangu. Nimenakili yote.

Yule mweusi wa kuanika mabawa anaitwa Mfua Kanzu. Yule wa kujitupa majini ni Mkaguzi wa Bomba. Yule mweupe anayefuata mifugo ni Shemeji wa Ng'ombe. Na lile dege kubwa lenye upara na mfuko shingoni, linalosimama jalalani likiwaza, ni Diwani Mstaafu.

Sikujua elimu ya ndege ina majina mazuri hivi. Nimeyakariri yote kabla ya chakula cha jioni.

Ijumaa, 13 Februari

Siku mbaya. Jovitha alikuwa na sare ishirini na mbili za kupeleka shuleni kabla ya saa nne. Akatazama saa ya ukutani. Saa ikamwambia ni saa mbili na dakika kumi. Akashona vifungo kwa raha zake. Akatazama tena. Saa mbili na dakika kumi. Alipofika shuleni, mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuondoka, na mlinzi hapokei sare.

Nilimwambia saa nazo huchoka. Akaishusha ukutani, akaigeuza, akatazama pale betri inapokaa. Kisha akanitazama mimi.

"Baba Winnie," akasema, "kesho uipate hiyo kazi."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika nikiwa nimechoka. Nitaandika yote.

Walimu walifika saa tisa, kumi na wanane. Mzee Chenge alianza. Aliongea taratibu, akawaonyesha ndege wanne, akakaa. Nikasimama mimi. Nikawagawia darubini wapokezane, nikawafundisha kubonyeza kitufe. Wakashangaa. Mwalimu mmoja wa biolojia, anaitwa Rebeka, akaniuliza yule mweusi pale juu ya jiwe ni nani.

Nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: Mfua Kanzu.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaandika. Hapo nikapata nguvu, nikamalizia wote. Mkaguzi wa Bomba. Shemeji wa Ng'ombe. Nilipofika kwa Diwani Mstaafu, mwalimu mmoja alilazimika kukaa chini. Mwalimu Rebeka akasema kwa upole kwamba yeye alisomeshwa kuwa yule mweusi ni mnandi. Mama Prudencia alikuwa ameshika soda yake bila kuinywa. Mzee Chenge alikuwa anatazama mchanga kwa makini sana. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nikaelewa. Nikatamani ziwa lipande linichukue.

Nilitaka kurudi nyumbani. Lakini nyumbani yuko Jovitha. Nikabaki kungoja nyota.

Giza lilipoingia, mzee alianza tena. Aliwaonyesha sayari ya Mshtarii, inang'aa kuliko nyota zote. Akasema ina miezi yake inayoizunguka, akawapa darubini yake waitafute. Kila aliyeshika, mikono ilimtikisika, sayari ikawa mstari wa mwanga unaorukaruka. Hakuna aliyeona miezi. Mzee mwenyewe akajaribu. Mikono yake ndiyo iliyotetemeka kuliko ya wote. Akasema inatosha kujua kwamba ipo.

Nikampa mwalimu Rebeka yangu. Akabonyeza. Akaanza kuhesabu kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu, nne. Vidoa vinne, kama punje za chumvi, vimepangana ubavuni mwa Mshtarii. Walimu wote kumi na wanane wakaona, kwa foleni.

Wa mwisho akaja mzee Chenge. Akaniuliza kama anaweza. Nikamwekea kidole chake kwenye kitufe. Alikaa nayo muda mrefu.

"Miaka thelathini nawaambia watu ipo," akasema. "Sikuwahi kuiona."

Macho yalimlowa. Yangu pia, ila yangu ni mbu.

Mama Prudencia akaamua palepale. Mzee Chenge ndiye kiongozi wa wageni. Mimi ni msaidizi wake, na nisiseme jina la ndege yeyote mpaka mzee aruhusu. Wote tunaanza Jumatatu.

Tukipanda mlima kurudi, mzee aliniambia aliona vioo vyangu viking'aa juu ya jiwe tangu Jumatano. Nikamwomba radhi. Akacheka.

"Ungeniuliza tu, kijana wangu. Ningekufundisha bure."

Nina miaka arobaini na mitatu. Nilijisikia mdogo, lakini si vibaya.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nimeahidi kuacha ujanja siku zote arobaini. Jovitha amekubali kwa kichwa. Tangu nimepata kazi ananiwekea sukari mwenyewe.

Mzee Chenge ananifundisha ndege watatu kila siku. Ni mwalimu mzuri. Mnandi namjua. Mdiria, yule wa kujitupa, namjua. Yangeyange, yule mweupe wa ng'ombe, naye namjua.

Leo mchana Mama Prudencia ametangaza kwamba kuna nafasi moja ya mafunzo ya wiki mbili kisiwani Rubondo. Atakayekwenda atarudi na cheti. Tutafanya mtihani wa maswali kumi, mimi, mzee, na Antoni wa mapokezi. Mzee ameniambia tusome pamoja kila jioni, tusaidiane. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nimemwambia tuanze kesho.

Maswali Mama Prudencia atayaandika kesho saa mbili asubuhi, kwa mkono, kwenye meza yake ya ghorofani. Dirisha lake linatazama mlimani. Nimekwenda kupima. Kuna jiwe zuri, hatua sitini, lina na kivuli.

Huu si ujanja, ni maandalizi. Na kosa la wiki iliyopita nimelichunguza kwa kina, nimeona lilikuwa wapi. Nilikwenda jioni, jua likanipiga usoni, vioo vikang'aa. Kesho nitakwenda asubuhi. Jua litakuwa mgongoni.