Mbuzi wa Ntheo Wamepokelewa kwa Moshi

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo wetu wote, na mbele ya ukoo mwingine uliokuja kwetu kwa mara ya kwanza. Naandika haya nikiwa nyuma ya jikoni, naosha masufuria ambayo hakuna aliyeniomba nioshe. Angalau sufuria halikutazami.

Leo ilikuwa ntheo ya dada yangu Mwende. Kwa wasio Wakamba: upande wa mvulana huleta mbuzi nyumbani kwa msichana, na mbuzi wakishapokelewa, msichana ana mwenyewe. Wageni walikuwa wanatoka Tala, kwa kina Kioko, mchumba wake. Sisi hapa Machakos tulikuwa tumejipanga. Ukuta umepakwa rangi, hema limefungwa, na wasichana wote wa nyumba tumeshonewa kitenge kimoja. Kilichobaki ni nyasi za mbele ya nyumba. Baada ya mvua hizi zilikuwa zimefika magotini.

Baba alitaka kuita vijana wa jirani waje na slasha za kufyekea. Nikakataa. Slasha huacha mabaka, uwanja unabaki kama kichwa kilichonyolewa gizani, na mimi mabaka hunikosesha raha. (Kanisani huwa natamani kunyoosha pazia la madhabahuni. Nimewahi kunyoosha.) Tena tuna mashine ya petroli ya kukata nyasi, ambayo Baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Lukenya. Ilikuwa imelala stoo tangu mwaka jana kwa sababu haiwaki. Nikasema nitaitengeneza.

Ufundi sijausomea mahali. Nimejifunza kwa video. Nimeshatengeneza pasi, redio ya mama, na cherehani ya jirani, ambayo siku hizi inashona ikirudi nyuma tu, lakini inashona.

"Una uhakika?" Baba akauliza.

"Baba, hiyo ni kazi ndogo."

Mwende naye akanifuata stoo, nywele zikiwa zimesukwa nusu. "Ndinda, nakuomba kitu kimoja tu. Watu wa Kioko wakifika, wapate kwetu kumetulia. Mama yake ni mtu wa kuangalia vitu."

"Watakanyaga zulia," nikamwambia. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Sasa sikilizeni. Video yoyote ya mashine hizi huanza hivi: kama imekaa muda mrefu, mwaga petroli ya zamani, weka mpya, jaribu kuwasha. Basi. Mtu wa kawaida angefanya hivyo na saa hii angekuwa shujaa. Lakini mimi nilipoilaza mashine kwa ubavu nikaona kisu chake cha chini kimeshika kutu na ni butu. Nikajiuliza, kuna haja gani ya kuwasha mashine yenye kisu kibaya? Nikakifungua. Nikakinoa kwa tupa, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa, nikakiosha kwa sabuni na kukianika kwenye jiwe nyuma ya jikoni. Ndiyo, niliosha kisu cha kukatia nyasi kwa sabuni ya vyombo.

Ndipo nikabadilisha petroli. Nikavuta kamba ya kuwashia.

Injini ikakohoa, kisha ikaivuta kamba irudi ndani kwa nguvu kama ng'ombe anayekataa kwenda kuogeshwa dipu. Vidole vyangu vikaenda nayo. Nikavuta tena. Tena. Kila mara inakohoa, inaninyang'anya kamba.

Mtu mwenye busara angesema, mwanzo ilikuwa na kisu, sasa haina, pengine ni hilo. Mimi nikasema ni plagi. Nikaifungua, nikaisafisha, nikairudisha. Bado. Basi ni kabureta. Nikaifungua kabureta yote juu ya kitambaa cheupe cha meza ya mama, nikapanga skrubu kwa ukubwa, za kichwa kikubwa kushoto. Ilipendeza sana. Nikaipiga picha.

Shangazi Kavata, dada yake Baba na kamanda wa jikoni, akapita. "Wewe Ndinda, kuna kitunguu cha kukatwa huku. Hiyo kabati umefungua ni ya nini?"

"Ni kabureta, Shangazi."

"Hata kama. Toka hapo, utachafua nguo ya picha."

Nilikuwa nimeshaichafua. Nikaikalia ile sehemu.

Nilipomaliza kuunganisha, mashine ilikuwa safi kuliko ilivyotoka kiwandani, na ilikuwa inakohoa vilevile. Baba akatokea akiwa na koti na simu mkononi. "Wako Mutituni, wanakaribia. Niite wale vijana wa slasha?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Nilichohitaji ni kusema ndiyo. Nikamtazama Baba, nikatazama nyasi, nikaona aibu ya kukubali.

"Hapana. Imebaki kidogo tu."

Baba ni mtu mpole. Aliguna tu, akaondoka.

Nikarudi kwenye video. Safari hii nikasoma maoni ya watu chini yake, kitu ambacho sifanyi kwa sababu watu hawajui kuandika. Na hapo, katikati ya matusi, mtu ameandika: msivute kamba kisu kikiwa kimetolewa, uzito wa kisu ndio unaosaidia injini kuzunguka, bila hicho itawarudishia kamba kwenye vidole.

Nilitazama vidole vyangu.

Nikakimbia nyuma ya jikoni. Kisu hakiko kwenye jiwe. Kiko mikononi mwa Shangazi Kavata, amekaa kwenye kigoda, anakwangua manyoya ya mguu wa mbuzi aliotoka kuubabua motoni kwa ajili ya supu.

"Shangazi, hicho kisu ni cha mashine."

"Hiki? Nilikipata hapo kimeoshwa vizuri, nikajua ni cha jikoni. Kinakwangua kama wembe. Lakini kwa nini kina shimo katikati?"

"Naomba, tafadhali."

"Ngoja nimalize kwato."

Alikiacha tu kwa sababu honi zililia barabarani. Wageni wamefika. Shangazi akafuta mikono, akakaza leso kiunoni, akakimbia getini na wamama wengine. Kwetu mbuzi hawaingii hivi hivi. Wamama hufunga geti na kuimba, wageni wakijibu kwa nyimbo upande wa pili, na geti halifunguliwi mpaka wamama waridhishwe kwa leso mpya. Shangazi Kavata amekuwa akiizungumzia leso hiyo tangu Krismasi.

Nikahesabu kwamba nyimbo zitanipa muda. Nikafunga kisu, bado kina mafuta ya mbuzi. Nikaweka mashine mbele ya nyumba. Mashine hizi zina mkono mdogo wa kubana kwenye usukani, ukiuachia injini inazima, ni wa usalama. Mimi niliufunga kwa kamba ya katani ili mikono yangu yote ivute. Nilifunga fundo zuri. Fundo zuri sana.

Nyimbo zikakoma. Mjomba wa Kioko, mzee wa kanisa, akaanza kuomba pale pale getini. "Baba wa mbinguni, tumefika katika boma hili lenye amani na utulivu."

Nilijua napaswa kungoja amina. Najua adabu. Lakini nikajiambia, vuta mara moja tu, taratibu, uone kama bado inarudisha kamba. Haitawaka.

Iliwaka.

Kumbe wakati wa kufungua kisu nilikuwa nimeilaza upande usiofaa, oili ikaingia mahali isipotakiwa. Ikatoka yote kwa pamoja, moshi mweupe, mzito, ukaelekea moja kwa moja getini. Mashine inanguruma, mimi nahangaika na fundo. Halifunguki. Mjomba akapaza sauti ili Mungu amsikie. Mashine nayo ikapaza.

Wamama wakakohoa, wakaachia geti, wakatawanyika. Mbuzi wakakata kamba zao. Na badala ya kukimbilia barabarani kama mbuzi wenye akili, wakaingia ndani, wakapita katikati ya hema, mmoja juu ya meza kuu, wakaenda kusimama kwenye kunde za mama.

Mama ndiye aliyekuja na kisu cha kweli cha jikoni, akaikata kamba ya katani. Injini ikazima.

"Amina," mjomba akasema kutoka ndani ya moshi.

Moshi ulipopungua, wageni wote walikuwa wananitazama. Nyasi ziko magotini. Mimi katikati yake, uso mweusi, kitenge cha familia kina oili. Mama yake Kioko ananiangalia kutoka juu hadi chini, na kweli, ni mtu wa kuangalia vitu.

Msemaji wao akakohoa. "Basi, wazee, mbuzi wetu wameshaingia. Geti lilifunguliwa na wenyeji. Sisi hatuna deni la leso."

"Hawajaingia," Shangazi Kavata akafoka. "Wamekimbia."

"Wamekimbilia wapi?"

Shangazi akatazama kunde. Baba akacheka kwa mara ya kwanza leo, akasema wameingia, wapokelewe. Hivyo ntheo imekubaliwa, Mwende ni wa Kioko, na wamama wa kwetu hawana leso hata moja. Hawanisemeshi. Hata kitunguu sikupewa nikate.

Mwende alikuja baadaye huku nyuma. Sikujua kama atalia au atanipiga.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Najua."

Kisha akasema siku ya harusi nami nitapewa kazi, wameshakubaliana na Shangazi. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti.

Nimeshaanza kutafuta video.