Peptidi Zilizovunja Posa ya Sahar

Riruta, Nairobi.
Jumatatu.

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Natumai u mzima, na wanaokusaidia kazi ni wazima pia. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Mume wangu, Abdulfatah, anauza bawaba na vitasa River Road. Kwa miaka ishirini na miwili, kila alipokosea aliniambia, "Nisamehe, Mama Sahar." Kisha mkachapa makala yenu.

Mliandika kwamba ubongo hujitengenezea peptidi, vipande vidogo mno vya protini, na kwamba baadhi yake hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayotuliza moyo, vikaitikia kupita kiasi au kidogo mno, na hali ya moyo wa mtu ikabadilika. Aliisoma mara mbili, akaikata kwa makasi, akaitia mfukoni. Tangu hapo hajaomba radhi.

1. Kesho yake alininunia tangu chai ya asubuhi. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema, "Wewe hujakosa. Ni vipokezi."

2. Alimfukuza dukani Mzee Hezekiah, mteja wa miaka kumi, kwa kuuliza bei mara tatu. Mzee alipolalamika, alisomewa makala yote, na picha ya ubongo akaonyeshwa.

3. Hili ndilo lililoniumiza. Jana walikuja wazee kutoka Kangemi kumposea Naeem, fundi wa miwani mwenye adabu zake, binti yetu Sahar. Nilikaanga sambusa tangu alfajiri. Mjomba wa Naeem alisema tu kwamba chai imekosa iliki, Abdulfatah akasimama: "Binti yangu haolewi." Wageni wakavaa viatu wakaondoka. Sahar akajifungia chumbani analia. Nikamfuata mume wangu uani nikamwambia, "Nenda ukawaombe radhi."

Akanitazama kwa huruma. "Unataka niombe radhi kwa niaba ya peptidi?"

Kwa kuwa basi mume wangu hana hatia, nadai kwa heshima:

4. Peptidi iliyokuwa zamuni jana saa nane mchana itajwe kwa jina.

5. Ifike Kangemi yenyewe kuomba radhi. Ikiwa ni ndogo mno kuonekana, uende wewe, Ndugu Mhariri, kwa niaba yake, na uvae kanzu safi.

6. Makala ifutwe, na mtangaze kwamba utafiti huo hauwahusu wanaume waliooa.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na aliyeuchora ule ubongo. Ana mkono mzuri.

Ni mimi, mwenye hasira lakini mwenye adabu,
Ummulkheir Shee

Tanbihi: Leo ni Alhamisi na barua bado sijaituma. Asubuhi Abdulfatah alivaa kanzu bila kuambiwa, akaenda Kangemi, akaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Posa imerudi, Sahar anacheka. Aliporejea alinishika mkono akasema, "Nisamehe, Mama Sahar." Nami, niliyelingoja neno hilo wiki nzima, nikamjibu maneno ambayo mwalimu wa madrasa hayasemi, hadi akatoka nje akakaa peke yake. Sijui nimepatwa na nini. Tafadhali msiifute makala. Nitumieni nakala moja upesi, yenye jina langu juu.