Ubao wa Plastiki na Meno Matano ya Mzee Yakobo

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Mzee Yakobo anakuja Jumapili! Anatoka Butiama mpaka kwangu hapa Bunda, anipime kama nafaa kumwoa binti yake Boke. Boke kanionya: baba yake kabakiwa na meno matano, na mtu anayemlisha nyama ngumu humwonaga adui. Nyama ya mtaani kwetu ni ya maksai waliostaafu jembe. Lakini mimi ndiye msimamizi wa maabara ya shule. Utomvu wa papai bichi una protini inayokatakata nyama. Wenzangu huumwaga tu juu ya nyama, unaisha. Mimi nitaubandika kwenye ubao wa plastiki, niutumie mpaka uzee. Consolata, mwalimu wa baiolojia, simwambii. Ataniibia.

Jumatano, 13 Agosti
Nimepaka, nimekausha, nimesuuza. Nyama imelala juu ya ubao asubuhi nzima. Nimepika. Paka wa jirani kaitafuna, kaiacha, kanitazama.
Consolata kagundua. Kasema protini ni kama uzi uliokunjwa kwa mpango, na kazi yake imo kwenye mikunjo. Plastiki haipatani na maji. Protini ikiigusa hukunjuka, ikalala bapa, ikasahau kazi. Kaubandua utomvu ubaoni kwa dawa yake ya maabara, kauacha kwenye maji safi, kisha kaudondoshea maziwa, maana protini hiyo ikiwa kazini huyagandisha. Yakaganda! Kumbe baadhi ya protini zilikuwa zimejikunja upya. Nimemwambia nilijua.

Jumamosi, 16 Agosti
Consolata kabandika utomvu mwingine kwenye kitambaa cha pamba. Pamba hupatana na maji, mikunjo haiharibiki. Nyama imelainika kwa nusu saa. Kasisitiza: nusu saa, isizidi. Nimesema nimesikia.

Jumapili, 17 Agosti
Nusu saa ni ya wageni wa kawaida. Huyu ni mkwe. Nimeikata nyama nyembamba, nikaifunga kitambaani tangu alfajiri mpaka saa sita.
Nimefunua sufuria mezani. Uji. Boke kajifunika uso kwa kanga. Mzee kachota kijiko, kameza. Kachota kingine. Kamaliza bakuli, kaomba la pili. Mimi jasho.
“Isaya, mwanangu,” akasema, “miaka saba sijala nyama nikashiba. Leta wazee wako Butiama mwezi ujao.”
Boke kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nimecheka baadaye, nikisugua sufuria.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimewaeleza walimu wote ugunduzi wangu. Consolata kauliza kitambaa kilikuwa cha nani. Nimemjibu kwamba sayansi haina mwenyewe. Kaniambia nisisahau kumwalika harusini.
Ataona maajabu. Siku hiyo tutachinja fahali mzima, na kitambaa chake hakitoshi hata paja. Leo nimeazima turubai, pana kama uwanja wa netiboli, plastiki safi kabisa. Mapapai nimeshaanza kuyachanja.