Rezista Nane za Bi Darubini

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha fundi mkuu ki wazi! Meneja kasema atanipima kwa bodi hii ya elektroniki: ya kibao kinachoita wagonjwa wa zahanati kwa namba. Tatizo ni Bi Darubini, mkaguzi wetu, naye anakitaka kiti. Kwenye mchoro kaweka rezista nane za kupunguza umeme, ndogo kuliko punje ya mchele, moja mwanzoni mwa kila njia ya ishara. Za nini? Nimezing'oa zote, nikaunganisha waya mtupu. Bodi inapendeza kama bibi harusi.

Jumanne, 4 Machi
Bi Darubini kaona. Kasema ishara ikitoka kwa kishindo hugonga mwisho wa njia na kurudi kama mpira ukutani, rezista huituliza. Nikamwambia wivu hauna dawa. Nikabonyeza kitufe mara moja kujaribu. Sifuri ikawa mbili. Loo! Kidole kilitetemeka, bila shaka. Nikafunga boksi kwa skrubu.

Jumatano, 5 Machi
Kibao kimetundikwa zahanati. Mama mkwe anakwenda kesho kupima presha. Nimemsihi awahi, ashuhudie mikono ya mkwewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu!
Nilikwenda na mama mkwe. Kibao kiliita mbili. Kisha nne. Kisha sita! Wenye moja, tatu na tano wakabaki wameduwaa. Mzee mmoja wa pumu, namba tano, aliteleza benchini midomo imebadilika rangi. Nesi akamdaka, wakamkimbiza ndani. Kapona, alhamdulillahi.
Mama mkwe, namba saba, akanigeukia mbele ya watu wote: "Baba, na mimi umenifuta?"
Alipopimwa presha, nesi alirudia mara tatu. Hakuamini mashine.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Darubini kaja na oskiloskopu, kifaa kinachochora ishara kwenye skrini. Nimeona kwa macho yangu! Ishara inapanda, inadunda, inashuka, inapanda tena. Unabonyeza mara moja, chipu inahesabu mara mbili. Kachomea rezista za ukinzani wa omu thelathini na tatu, kando kabisa ya chipu inayotuma ishara. Moja, mbili, tatu, nne. Shwari.
Kiti kapewa yeye. Nilikwenda kumwomba radhi yule mzee, nikamweleza kuwa chipu ilihesabu mara mbili. Akaniuliza kama na mimi mama yangu alinihesabu mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa nimeelewa! Rezista ni dawa, na dawa haibaniwi. Kwenye kibao cha zahanati ya pili nimeziweka kila njia, hadi ile inayoingiza umeme. Pale nimepanga kumi, mkia kwa kichwa. Bi Darubini kashika kiuno: ishara hutulizwa, lakini umeme wenyewe ukiubana namna hiyo bodi itakula nini? Nikachomeka plagi mbele yake.
Hakikuwaka hata kijitaa kimoja.
Lakini saa nzima sasa, na kibao hakijakosea namba hata moja!