Lita Kumi Hadi Jumatatu

Jirani yake Mama Birika muuza kahawa anaapa kaona kwa macho yake mawili: juzi asubuhi gari la wagonjwa lilipitwa na muuza mayai wa baiskeli, tena mlimani, na muuza mayai ndiye aliyepiga kengele kuomba njia. Trei nne nyuma, hakuna yai lililopata hata ufa.

"Na ndani mna mjamzito!" Kinyozi akadakia, mkasi bado kidoleni. "Sitini, si wewe uliyekuwa kwenye usukani?"

Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye jina hilo kapewa kwa sababu mshale wake wa spidi haujawahi kuvuka sitini, akapuliza kahawa.

"Mwongo huyo. Alinipita kwenye mteremko. Mlimani nilimwacha."

Benchi zima la wanywa kahawa likaangua kicheko.

"King'ora uliwasha?" akauliza Fundi Viatu.

"Niliwasha."

"Cha nini? Konokono wakupishe?"

"Chekeni tu. Mimi Jumatatu napewa lita arobaini, nyingine hadi Jumatatu ijayo. Hospitali kubwa ni kilomita hamsini. Nikienda sitini, kwenda na kurudi gari linakunywa lita kumi. Safari nne hizo. Nikikanyaga mia na kumi, linakunywa kumi na sita. Safari mbili na nusu. Haya Kinyozi, hiyo nusu utapanda wewe?"

"Nishushe penye kivuli."

"Lakini dakika hamsini njiani, bwana, na mtu anaumwa!" Fundi Viatu akapiga soli kwa nyundo. "Ukikanyaga, si hata nusu saa haifiki?"

"Haifiki. Gari likikaukiwa kule, anayefuata huku nani atambeba? Muuza mayai?"

"Huyo angewahi!"

Mama Birika hakucheka. Alikuwa anafuta kikombe kimoja tangu soga ianze. Binti yake ana mimba ya kwanza, na mkunga kamwambia mtoto amekaa vibaya: uchungu ukianza tu, moja kwa moja hospitali kubwa. Siku zenyewe ndizo hizi.

"Ila mkubwa wako kakukumbuka," Kinyozi akaendelea. "Nasikia wewe ndiye dereva bora wa mwaka."

"Kwa kubana mafuta. Kanipa cheti na saa ya ukutani."

"Saa! Uwatundikie wagonjwa humo ndani!"

"Hotuba hata hakumaliza, anawahi semina. Baadaye kanipita darajani, mia na thelathini hiyo, vumbi lote kaniachia mimi."

"Semina ya nini?"

"Ya kubana mafuta."

Fundi Viatu akaangusha nyundo, akajishika mbavu.

"Mwanangu," Mama Birika akasema, na kicheko kikapungua. "Tangini zimebaki lita ngapi?"

"Kumi, mama. Na leo ndiyo kwanza Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Hizo kumi na sita ni za kwenda na kurudi. Kwenda peke yake ni nane."

"Nane, ndiyo."

"Basi zinafika." Akamjazia kikombe ambacho hata hakijafika nusu. "Binti yangu akishikwa na uchungu, mkanyagie hiyo mia na kumi. Ya kurudi usiyawaze kwanza. Nakuomba, mwanangu. Utanikanyagia?"

Kinyozi akakumbuka kuna mteja anamsubiri. Fundi Viatu akaingiza mkono ndani ya kiatu, akawa anatafuta msumari. Sitini akabaki na kikombe mkononi, kimejaa hadi ukingoni, hanywi wala hakiweki chini.